Fizi za Wolfgang

Kidole alichomtia mwanangu mdomoni kilikuwa kimetoka kwenye utumbo wa kondoo. Nilikiona kikitoka. Mama mkwe alikuwa ameinama kwenye beseni nje ya jiko, anaugeuza ule utumbo na kuukamua, na Wolfgang alipolia mgongoni mwangu alinyoosha mkono, akaupangusa kwenye kanga mara moja, juu na chini, kisha akasugua fizi za mtoto wa miezi mitano. Udenda ulirudi na rangi ya kijani.

Mkwe humwambii kwamba mkono wake mchafu.

"Fungua, mjukuu wangu, bibi aone," alisema. "Haya, ndiyo haya. Mawili juu, mawili chini. Haya ndiyo yanamharisha."

"Yapi, mama?"

"Meno ya plastiki. Kusoma kote huko jioni, Mama Wolfgang, hilo hamkufundishwa?"

Tulikuwa tumefika Mogitu asubuhi hiyo kutoka Katesh, mimi na mtoto tu. Ilikuwa safari yake ya kwanza kwa bibi yake. Baba yake, Lameck, anaendesha trekta huko Basotu na huu ni msimu wa ngano. Kosa nililifanya mlangoni. Baada ya shikamoo niliulizwa hali ya mtoto, na badala ya kusema mzima nikasema anaharisha tangu juzi, na usiku alikuwa na joto. Sijui nani alinituma.

Huku kwetu mtoto akiharisha, akapata joto, akatoka udenda, basi ameota meno ya plastiki. Ni meno laini, ya uongo, yanayomla mtoto kwa ndani, na yasipong'olewa anakufa. Nimekua nikisikia hivyo na nilikuwa naamini. Halafu mwaka jana, darasa la jioni, kidato cha pili, mwalimu wa baiolojia alitupitishia kitabu chenye picha ya taya la mtoto lililopasuliwa. Meno yote yalikuwamo tayari, meupe, laini, yamelala chini ya fizi kama maharage siku ya tatu ardhini. Nilikiangalia kile kitabu mpaka jirani yangu akaninyang'anya.

"Mama, tuanzie zahanati," nilisema.

"Zahanati watampa maji ya chumvi. Wa Agustino alipewa maji ya chumvi, tukamzika Jumamosi."

Agustino ni kaka yake Lameck. Yule mtoto nilimwona na jeneza lake nililiona, lilibebwa na mtu mmoja kwapani. Mama mkwe alinawa mikono sasa, kwa sabuni, akamchukua Wolfgang, akambeba mwenyewe mpaka kwa Mzee Sulle, mng'oaji wa meno hayo. Njia nzima alikuwa anawasimamisha watu. "Huyu ndiye wa Lameck. Angalia masikio, si ya baba yake?" Watu walicheka, wakamgusa mashavu, na mimi nilikuwa nyuma na mkoba wa nepi, nikisema shikamoo, shikamoo.

Mzee Sulle anafanyia kazi yake chini ya paa la bati pembeni ya zizi. Inzi wa zizini hawakuwa na haja ya kusafiri. Kulikuwa na benchi, ndoo ya maji yaliyokwisha kuwa ya pinki, na yeye mwenyewe kwenye kigoda, na spoku ya baiskeli aliyoichonga ncha. Kucha ya kidole gumba chake ilikuwa ndefu na ya njano, na chini yake kulikuwa na kitu cheusi ambacho sikutaka kukijua.

"Karibuni. Keti, binti. Mbele yenu yuko mmoja tu."

Huyo mmoja alikuwa mtoto wa mama wa Kibarabaig, mama mwenye bangili mpaka kwenye viwiko. Alimlaza mtoto mapajani, akamshika kichwa. Mzee Sulle akapangusa spoku kwenye suruali. Kwenye suruali, mahali pale pale alipokuwa ameshajipangusa mkono. Kisha akaingia mdomoni.

Sauti ya mtoto yule sitaiandika. Nitaandika ile nyingine, ndogo, ya chuma kikikwaruza mfupa, kama mtu anayekomba sufuria la ugali lililoungua. Damu ilitoka na mate, nzito, ikamwagika kwenye bangili za mama yake. Mzee akachokoa kitu, akakiweka kwenye kiganja, akatuonyesha.

"Mnaona? Mdudu huyo."

Nilikijua mara moja. Kilikuwa jino. Chonge, ambalo halijakomaa, jeupe, laini, limelowa damu, sawa kabisa na la kwenye kitabu. Lilikuwa la yule mtoto, lake mwenyewe, lililokuwa linasubiri zamu yake.

Mzee akalitupa ndani ya kopo la mafuta ya kupaka, na kwa kuwa alituona wageni alilileta kopo mpaka puani kwangu ili nione kazi yake. Lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Yapo yaliyokauka kama mchele, yapo ya wiki hii bado na vinyama, na katikati kulikuwa na kitu kinachocheza. Harufu ilikuwa ya nyama iliyosahauliwa. Akalitikisa kidogo.

"Haya. Lete wa Lameck."

Mama mkwe alikuwa ameshamlaza Wolfgang. Alikuwa ameshamshika kichwa. Mzee alimfungua mdomo kwa ile kucha, na mwanangu, ambaye anafikiri kila kinachoingia mdomoni ni ziwa, akaanza kuinyonya.

Nilitapika. Sikugeuka hata, ilitoka tu, uji wa asubuhi wote, kwenye kopo, kwenye miguu ya Mzee Sulle, kwenye kigoda. Nilipofikiri imekwisha ikaja tena.

Mzee alijitazama miguu. Kisha akanitazama mimi, tumbo, na akamgeukia mama mkwe kama mimi sipo.

"Baba yake alikuja lini mara ya mwisho?"

"Mwezi uliopita. Alilala siku mbili."

"Basi si meno. Huyu binti ana mimba nyingine, maziwa yameshaharibika, anambemenda mtoto, anamdhoofisha kwa maziwa hayo. Mtoto wa hivyo mimi simtii chuma. Damu yake haikati. Anifie hapa, mniletee polisi?"

Mama mkwe alinitazama. "Ni kweli?"

Sikuwa na mimba. Siku zangu nilikuwa nimezimaliza Jumanne. Ningesema hivyo tu, na kichwa cha Wolfgang kingebaki pale mapajani. Yule mama wa Kibarabaig naye alikuwa ananitazama, ameacha hata kumfuta mwanawe damu.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Ni kweli. Tuende zahanati."

"Miezi mitano," alisema. "Miezi mitano, Fabiola." Hakuwa ameniita jina langu tangu nijifungue. Alimwinua mtoto, akanipa kama mtu anayekabidhi beseni chafu.

Alitangulia mbele hatua ishirini njia nzima ya kurudi kuelekea zahanati. Wale aliowasimamisha asubuhi walituamkia, naye akawajibu bila kusimama. Mara moja tu aligeuka.

"Mbuzi anasubiri. Ng'ombe anasubiri. Wewe umeshindwa. Na kuanzia sasa hilo ziwa usimpe, limeoza."

Nilikuwa nanuka matapishi, na maziwa yalikuwa yamenijaa mpaka yanauma. Miezi inahesabika. Itafika siku ataniuliza tumbo liko wapi, na sijui nitasema nini, na Lameck ataambiwa kabla sijamwambia mimi. Atanitetea, nadhani. Lakini mpaka siku hiyo jino la kwanza litakuwa limetoka lenyewe, na hakuna atakayeliita la plastiki.

Zahanati, muuguzi alimfinya mtoto ngozi ya tumbo, akampima joto, akatupa maji ya chumvi na vidonge vya zinki. "Mnawe mikono," alisema, na mama mkwe akatazama dirishani. "Ananyonya?"

"Ameacha leo," mama mkwe alijibu.

"Ananyonya," nilisema mimi.

Nilifungua vifungo pale pale kwenye benchi, mbele yake. Mama mkwe alitoa sauti ya kichefuchefu kooni, akatoka nje, nikamsikia akitema mate kwenye vumbi. Muuguzi alimtazama, akanitazama mimi. Wolfgang alikuwa na njaa ya siku mbili. Alilikamata ziwa kwa fizi zake zote, akaning'ata mpaka machozi yakanitoka, na nikamwacha aning'ate.