Tofali la Mwenye Nyumba

Mtaani walimwita Wakili, ingawa kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, kwenye pembe ya sebule ambako taa huwashwa hata mchana. Jina alilipata kwa mdomo. Mguse kwenye habari za gemu, umechokoza nyuki. "Unanunua gemu kwa bei ya kitanda," angesema huku cherehani inakwenda, "ukilifungua, kofia inauzwa mbali, viatu mbali! Mimi nikishona shati nikauza vifungo mbali, si mtanipiga mawe?" Wateja walicheka. Yeye wala.

Siku ujumbe ulipoingia kwamba kampuni inalizima gemu la kujenga nyumba mtandaoni, Jumamosi saa sita mchana, Wakili hakusema neno. Hapo watu wakajua mambo yameharibika.

Maana gemu hilo lilikuwa la baba yake. Baba alikuwa mwashi miaka arobaini, mpaka kiharusi kikamnyang'anya mkono wa kulia. Wakili, bintiye, alimnunulia gemu asishinde akitazama dari, naye kwa mkono mmoja akaanza nyumba. Miaka mitatu, jamani! Kwenye gemu tofali hukaa hata hewani, lakini baba hakutaka kusikia: kila tofali lazima lilalie maungio ya mawili ya chini. Na juu ya mlango aliacha pengo la tofali moja. Ndivyo walivyofanya mafundi wa kundi lake: tofali la mwisho huwekwa na mwenye nyumba, na kabla ya hapo haingii mtu.

"Mwenyewe nani?" Wakili aliuliza mara mia.

"Atakuja," baba alijibu.

Jumamosi, saa sita kasoro robo, Wakili alipasuka. "Baba, nimeyasoma yale masharti yao ya maandishi madogo. Hatukununua kitu! Tuliruhusiwa kuchezea tu, na wakitaka wanafunga mlango. Na pesa wameshakula!"

"Washa, mama," baba akasema.

Akawasha. Mama wee! Mbele ya nyumba walisimama wachezaji, si kumi, si ishirini, kilima kizima, wengine na zile kofia za kuuzwa mbali, wengine peku, kimya kama msikitini. Nyuma yao, mpaka mtoni, zilitapakaa nyumba ambazo wiki iliyopita hazikuwepo, na kila tofali lililalia maungio ya mawili ya chini. Maneno yakapanda pembeni mwa skrini: "Fundi, tulikuwa tunapita tukikuchungulia. Tumekuja kuaga."

Wakili alisikia nywele zikimsimama. Akasogea karibu. "Baba, tazama juu ya milango yao."

Kila nyumba ilikuwa na pengo la tofali moja.

Baba alicheka hadi machozi. "Wameiga na pengo! Wamedhani ni pambo! Waandikie, mama, waandikie upesi."

Akawaandikia kwamba pengo ni la mwenye nyumba. Jibu likaja: "Mwenye nyumba nani? Kampuni inasema ni yao."

Baba akamkabidhi bintiye kidhibiti. "Weka."

"Mimi? Umejenga wewe!"

"Mimi fundi. Miaka arobaini nimejengea watu, nikalala nyumba ya kupanga. Hii nilikuwa nakujengea wewe."

Wakili akaliweka tofali. Likakaa, ta! Halafu kilima chote kikaitika, ta, ta, ta, mlango kwa mlango mpaka mtoni, na yeye akashika mdomo kwa mshangao.

"Ingia basi," baba akasema. "Muda unakwisha."

Akaingia. Chumba kilikuwa kimoja. Kushoto, dirisha pana kutoka ukuta hadi ukuta, na chini yake meza, na jua lote limemwagika juu ya meza. Wakili alisimama pale akitazama, na hakugusa kitu.

Skrini ikawa nyeusi. Asante kwa kucheza, ikaandika.

Ile pembe ya cherehani ilibaki na taa yake. Wakili akageuka akaitazama.

"Baba," akauliza, "lile dirisha ulilipima wapi?"

"Hapo unapokaa," baba akasema. "Nilikuwa nakutazama unavyosogeza nguo kwenye taa."