Koti Kwenye Pini

Wachimbaji wa handaki walimbandika mpimaji wao jina la Mama Milimita, naye wala hakununa. Kazi yake ilikuwa kupima nafasi kati ya pini za chuma zilizopigiliwa kwenye kuta mbili za handaki. Nafasi ikipungua, mwamba unasogea. Ukisogea sana, watu watoke. Shida ni kwamba mchimbaji akiona pini ukutani haoni kipimo, anaona mahali pa kutundika koti. Juzi tu mama wa watu alisimamisha kazi nzima, kumbe pini imepindishwa na mkoba wa mtu. Walimcheka mpaka mbavu zikawauma, na aliyecheka kuliko wote alikuwa msimamizi wao, yaani mume wake wa ndoa.

Leo nafasi ilikuwa imepungua tena. Na kwenye pini lilining'inia koti, tena la huyo huyo mume.

"Ni koti tu hilo, mke wangu!" alipaza sauti kuishinda mashine. "Tuache tumalize. Tumebakiza kidogo tutokee upande wa pili."

Mama Milimita aliliondoa koti, akavuta upya utepe wa kupimia. Pini ilikuwa imenyooka vizuri, na bado nafasi ilikuwa imepungua. Akapima pini ya mbele yake, ambayo haikutundikwa kitu. Nayo ilikuwa imesogea. Aliogopa kuchekwa tena, lakini alimwogopea mume wake zaidi.

"Wote nje!"

"Unanitoa mbele ya vijana wangu?"

"Mbele ya mashemeji zangu wote. Toka, baba watoto, ugomvi tutaumalizia nyumbani."

Walitoka wakinung'unika. Mafundi wakaanza kuweka vyuma vya kuegemeza mwamba, wakianzia palipo salama, na kufikia jioni vipimo vilikuwa vimetulia tuli. Hakikuanguka kitu, hata kokoto.

Mume alianza kulalamika tangu mlangoni. "Umeniaibisha bure. Haya, kimedondoka nini?"

"Hakuna," alikubali mkewe, akimpakulia chakula.

Alikula huku analaumu, akaongeza sahani ya pili huku analaumu, kisha usingizi ukamchukua pale pale kitini, mdomo wazi, akikoroma kama trekta. Siku nyingine mkewe angemsukuma kwa kiwiko. Leo alisogeza kiti karibu, akakaa kumsikiliza, na furaha ikamjaa hadi machozi yakamtoka.