Moshi wa Uskoti, Sauti ya Ayalandi

Kila neno lililomo humu ni la kweli, kweli ya mchana kweupe, na asiyeamini aje aonyeshwe kiti chenyewe. Likipatikana la uongo, hata moja, fundi wa lifti ameapa kuitoa ile chupa yake nzuri iliyoko kabatini nyuma ya mashuka, amimine mpaka kila msikilizaji atosheke. Hakuna mwenye akili zake anayeweka rehani chupa kama ile kwa ajili ya porojo.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Fundi wa lifti, mstaafu mwenye goti linalolia kama winchi, alikuwa amefuta meza ya sebuleni na kupanga glasi nne, mbili zake na mbili za shemeji yake. Zilikuwa glasi za tumbo pana na mdomo mwembamba, ili harufu isitoroke, na juu ya kila moja ameweka kisahani. Pembeni palikuwa na jagi la maji, kijiko cha chai, na mkate mkavu wa kusafishia ulimi. Wiski ya Uskoti alipewa na mwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa na tabia ya kugoma katikati ya ghorofa. Ya Ayalandi aliileta shemeji, kaka wa mkewe, mkaguzi mstaafu wa majanga ya moto.

"Leo nakuaibisha nyumbani kwako," shemeji alisema akivua viatu.

"Ulianza lini kunihurumia? Kaa."

Mke wa fundi alikuwa kwenye kochi, chai yake pembeni, akishona kifungo cha shati. "Mtu mzima anabeba chupa kwenye mfuko wa mkate," akasema. "Kaka yangu, unamficha nani, na mimi ndiye niliyekufungulia mlango?"

Sheria zao zilijulikana. Unanusa kwanza, mdomo wazi kidogo. Unadondosha tone la maji kwa kijiko. Unaonja, unazungusha ulimini, ndipo unameza. Anayemeza kwa pupa anapokonywa glasi.

Walianza na ya Ayalandi. Shemeji alieleza, kama alivyoeleza Jumamosi iliyotangulia, kwamba hii hupitishwa mtamboni mara tatu mpaka inatakata, na shayiri yake haionjeshwi moshi. Fundi akaonja. Tofaa, asali, biskuti iliyochovywa kwenye maziwa.

"Nzuri," akakiri. "Ila haina ugomvi."

Kisha akainua kisahani kwenye glasi ya Uskoti. Shayiri ya hiyo hukaushwa juu ya moto wa mboji, udongo wa majani yaliyooza karne na karne, na moshi wake ukishaingia hautoki. Siku hiyo ulitoka. Ulipanda taratibu, mweupe, ukapita juu ya mkate, ukamzunguka shemeji bila kumgusa, ukaenda kwenye kiti kilichoko dirishani. Hapo ukakaa. Yakatokea mabuti, halafu sare iliyofungwa vifungo vyote, halafu kofia, na chini ya kofia alikuwamo kaka yake fundi, mlinzi, aliyekufa katika moto wa kiwanda cha magodoro fundi angali kijana. Mkononi alikuwa na tochi. Ilikuwa inawaka.

Jua la dirishani lilimpita kifuani likatua sakafuni likiwa na rangi ya wiski. Haikuwa hofu. Walimtazama kama watu wautazamavyo mwezi unapochomoza mkubwa kuliko walivyouzoea. Kisha mke wa fundi akasogeza pazia ili mgeni asiumie macho.

"Karibu, shemeji," akasema. "Hatukuwahi kuonana."

Fundi alisimama, mvi zake kichwani, mbele ya kaka mkubwa ambaye sasa angeweza kuwa mwanawe. "Shikamoo, kaka."

Midomo ya kaka ikacheza. Sauti haikutoka.

"Hiyo yako imemleta bubu," shemeji akasema. "Mpe ya kwangu."

Kaka akaipokea glasi ya Ayalandi kama mtoto anavyopokea dawa. Akaziba pua, akainywa yote kwa mkupuo mmoja, akakohoa mpaka kofia ikamkaa upande. Hakuna aliyempokonya glasi. Kila mtu aliona kwamba hajawahi kunywa maishani.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema. Sauti yake ilikuwa safi kama kioo kilichofutwa sasa hivi.

"Umeona?" shemeji akasema. "Uskoti inaleta mwili, Ayalandi inaleta maneno."

"Basi tuko sare, moja kwa moja," fundi akakubali.

Kaka alikuwa akiitazama glasi. "Kumbe ndiyo hii."

"Ndiyo hii."

"Hii ndiyo niliyokunywa usiku ule, nikalala, moto ukawaka?"

Shemeji akasafisha koo. Yeye ndiye aliyeuchunguza moto ule, kabla hajawa shemeji wa mtu. "Tuliandika pombe," akasema. "Hatukutaja aina."

Jambo hilo halikuwahi kutamkwa sebuleni humo. Lilikuwa kama kabati zito ambalo kila mtu anajua kulizunguka gizani. Langoni mwa kiwanda kuna jiwe lenye majina ya waliokufa, na la kaka halimo, maana mlevi haandikwi pamoja na aliowaua. Mama yao kila akienda sokoni alisimama akalisoma jiwe kutoka juu mpaka chini, kana kwamba huenda jana aliruka mstari. Alikufa hajaliona jina la mwanawe. Tangu hapo fundi hakutaka kitu duniani ila jina lile liingie jiweni, na mtu pekee aliyebaki ambaye neno lake lingeliingiza ndiye huyu anayevua viatu kwake kila Jumamosi.

Kaka akaijaribu ya Uskoti, safari hii polepole. Akafumba macho.

"Hii naijua," akasema. "Hii ndiyo niliyovuta mlangoni. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa mnyororo na funguo alikuwa nazo tajiri mwenye kiwanda. Nilimulika ili wenzangu waone pa kupita. Hapakuwa na pa kupita." Akaiweka glasi mezani kwa adabu. "Ile nyingine ni kama asubuhi ukitoka zamu. Mimi nachagua ile."

Shemeji, aliyeshinda, hakujigamba.

"Mnyororo uliuona?" fundi akamuuliza.

"Niliuona."

"Sasa?"

"Shemeji, kila moto lazima uwe na sababu. Sababu iliyo hai huja na wakili. Marehemu haji na mtu."

"Leo kaja," mke wa fundi akasema, macho yake kwenye kifungo.

Basi shemeji akalia machozi. Jumatatu akavaa suti, akaenda kiwandani, akasema yote mbele ya wakubwa. Mchonga mawe akaitwa, jina la kaka likachongwa juu kabisa kwa herufi za dhahabu. Naye kaka akazima tochi, akatabasamu, akapanda kama moshi, akaenda zake.

Hapo ndipo fundi wa lifti huishia anapowasimulia wageni, maana hadithi hii ni yake, na humo ndani hujiita "fundi" tu ili asionekane anajisifu. Mgeni wa safari hii, shemeji naye akiwa palepale mezani, alikuwa jirani, mama mwenye saluni, na tayari alikuwa ametoa leso. Mke wa fundi akaweka chai chini.

"Mume wangu. Herufi za dhahabu?"

"Niache nimalize."

"Umeshamaliza. Jana nimepita pale, jiwe lina majina yaleyale. Na huyo ni nani?"

Wote wakageukia kiti cha dirishani. Kaka akainua mkono kuwasalimu. Tochi ilikuwa inawaka. Mama wa saluni akaitikia, akasogeza mkoba wake ili mabuti yapate nafasi.

"Neno moja la uongo," akasema. "Chupa iko wapi?"

"Mawili," mke wa fundi akasema. "Kaka yangu hakulia."

"Nililia kidogo," shemeji akasema.

"Ulipaliwa."

Fundi akainuka, goti likalia, akaenda nyuma ya mashuka akarudi na chupa. Akammiminia mama wa saluni, akammiminia shemeji, na mkewe akamwaga chai akanyoosha kikombe. Kaka siku hizi hazibi pua. Ananusa mdomo wazi kidogo, anadondosha tone la maji, anazungusha ulimini, na akisema hii imekaa kwenye pipa la mvinyo, huwa imekaa.

"Unaenda lini kule kiwandani, shemeji?" fundi akauliza, kama anavyouliza kila Jumamosi.

"Hata Jumatatu ningekwenda," shemeji akasema. "Lakini msogelee, umnuse. Nitawaambia watu huyu hajawahi kunywa?"

Kaka akasogeza glasi yake mbele kidogo, karibu na chupa.

Fundi alikuwa ameapa mbele ya watu. Akamimina.