Kijani cha Chumba cha Wagonjwa

Ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, na mikono yote miwili ikiwa na madoa ya rangi ya papai bivu. Kosa nimelitenda. Kujuta ndiko kulikonishinda.

Baba yangu ni mwalimu wa udereva. Kutwa nzima anakaa kiti cha abiria huku watu wasiojua breki iko wapi wakimpeleka kusalimiana na nguzo za umeme. Akirudi jioni, mishipa ya shingo imemtoka, anaomba kitu kimoja tu: utulivu. Muhula uliopita, mimi nikiwa bweni, alimsikia mtaalamu redioni akieleza jinsi rangi ya ukuta inavyoingia moyoni mwa mtu. Nyekundu inachemsha damu. Njano inaliza watoto. Kijani kinatuliza. Baba hakungoja hata mtaalamu aagane na wasikilizaji. Niliporudi likizo, nyumba nzima ilikuwa kijani: sebule, korido, jiko, choo, na chumba cha mbele ambacho mama anashonea nguo za watu.

"Unajisikiaje?" baba aliniuliza pale mlangoni, mikono kiunoni.

"Kama mchicha, baba."

"Ndiyo utulivu wenyewe huo. Pita ndani."

Nimtendee haki: yeye alitulia kweli. Jioni alikuwa akikaa sebuleni akiutazama ukuta kama watu wanavyotazama mpira. Aliyepoteza utulivu ni mama.

Mama yangu ni fundi wa kukutazama mara moja unapovuka barabara na kujua kiuno chako. Zamani akiwa kwenye cherehani alikuwa akiimba, tena vibaya, mpaka majirani wanafunga madirisha. Sasa chumba kilikuwa kimya. Wateja walikuwa wanasimama mbele ya kile kioo kirefu, wanageuka huku, wanageuka kule, wanasema, "Ni nzuri, lakini..." Hiyo "lakini" hawakuimalizia, na wengine hawakurudi. Nilimkuta mama akifumua mishono iliyonyooka kabisa.

"Mkono wangu umeharibika," aliniambia, bila kuinua macho. "Sijui ni uzee, sijui ni nini."

Jumanne akaja bibi harusi mmoja kujaribu gauni lake. Aliingia akicheka. Akalivaa, akasimama mbele ya kioo, na kicheko kikakatika.

"Mama, mbona naonekana kama mtu aliyeopolewa kisimani?"

"Labda kifua kimebana, mwanangu. Nitakirekebisha."

"Si kifua. Ni... sijui. Ni mimi mzima." Machozi yakaanza kumlenga. "Nitarudi Jumamosi asubuhi. Likiwa bado hivi, utanisamehe, nitachukua gauni langu nimpelekee fundi mwingine."

Alipotoka, mama alikaa chini, akachukua mkasi, akaanza kulifumua gauni kuanzia begani. Nilimnyang'anya ule mkasi. Nikajitazama kiooni na mkasi mkononi, na hapo ndipo elimu ya bweni iliponisaidia kwa mara ya kwanza maishani.

Ni lazima nieleze kuwa shuleni fani niliyobobea ni ugonjwa. Nimeshaugua kila kitu isipokuwa ugonjwa wenyewe. Chumba cha wagonjwa cha shule yetu kina kijani hiki hiki, na kila mwanafunzi anajua siri yake: ukiingia mzima, kioo cha pale kinakupa macho ya manjano na midomo ya kijivu, na matroni anakuandikia siku mbili za mapumziko bila maswali. Matroni mwenyewe akikaa humo mpaka saa sita tunaanza kumpa pole.

"Mama," nikasema, "si mkono wako. Ni ukuta."

Alinitazama kama anavyonitazama kila ninapoanza sentensi. Nikalibeba gauni mpaka barazani. Kule nje lilikuwa jeupe, safi, limekaa kama limeoteshwa. Nikalirudisha ndani. Likawa kama limefuliwa kwenye maji ya mchicha. Mama akalitoa tena yeye mwenyewe. Akaliingiza. Akalitoa. Safari ya nne hakurudi. Alibaki barazani amelikumbatia, na nikaona mabega yake yanashuka.

"Miezi miwili," alisema. "Miezi miwili najiona sijui kushona."

Jioni hiyo alimwomba baba ruhusa ya kubadilisha rangi ya chumba kimoja tu.

"Haiguswi," baba akasema. "Mtaalamu amesema kijani."

"Wateja wangu wanajiona wagonjwa, baba watoto."

"Wagonjwa kwa rangi? Ukuta unavaa gauni? Mwambie huyo bibi harusi ale vizuri, alale mapema."

Mama akarudi kwenye cherehani. Mimi nilinyamaza, jambo ambalo lingepaswa kumtia baba wasiwasi.

Alhamisi ni siku yake ya mapumziko. Nilimwomba aje chumba cha mbele ajipime shati jeupe ambalo mama amemshonea. Akaja akipiga mluzi. Akalivaa, akasimama mbele ya kioo, na mimi nikasimama nyuma yake nikiwa na uso ninaoutumia kwenye misiba.

"Baba, jana ulilala vizuri?"

"Vizuri. Kwa nini?"

"Hapana. Nimeuliza tu." Nikasogea. "Vuta kope ya chini kidogo kwa kidole. Eee. Toa ulimi."

Akautoa. Akauona. Mluzi wote ukamwishia.

"Mbona ulimi uko hivi?"

"Sitaki kukutisha, baba. Unasikia uchovu kwenye magoti?"

"Sasa hivi ndiyo... naam, nausikia."

"Kaa. Usiongee sana."

Nawaapia, ndani ya dakika tano mwalimu wa udereva aliyenusurika nguzo ishirini alikuwa amelala kwenye mkeka kati ya vipande vya vitambaa, akimwagiza mama amwitie kaka yake. Mama alikuwa ameuma utepe wa kupimia asicheke. Baba alipoanza kunieleza ni nani atakayerithi redio, nikaona inatosha. Nikamshika mkono, nikamtoa barazani, nikamkabidhi kioo kidogo cha mama.

Alijitazama muda mrefu. Akatoa ulimi. Akaurudisha.

"Nimepona," alisema.

"Rudi ndani, baba."

Akarudi. Akaugua tena. Nilisubiri ahadi, machozi, labda kunikumbatia. Badala yake akavimba.

"Mmenifanya mgonjwa nyumbani kwangu! Basi sasa ndiyo haibadilishwi kabisa. Nyumba hii ina mwenyewe!"

Mama alitema utepe. Akaenda nyuma ya pazia la wateja, akarudi na ndoo ya rangi, rola na magazeti ya zamani. Nami nilidhani mwenye njama humu ndani ni mimi peke yangu.

"Umeinunua lini?" baba akauliza.

"Jana. Ulisema haiguswi, nikaona nikuulize mara moja tu." Akatandaza magazeti sakafuni, akafungua ndoo. Rangi ya papai bivu. "Sebule ni yako, tulia utakavyo. Chumba cha kulala nakuachia. Humu nafanya kazi mimi. Sogea, utachafua shati."

"Nikikataa?"

"Kataa. Mimi napaka."

Akaichovya rola, akaivuta kutoka juu mpaka chini, mbele ya macho yake. Baba alisimama mpaka mpako wa kwanza ulipofika dirishani. Kisha akasogea.

Jumamosi bibi harusi alikuja bila kucheka. Akalivaa gauni, akageukia kioo. Akageuka huku. Akageuka kule. Mama alikuwa amekunja mikono kifuani, kidevu juu, kama anayewangoja wote waliosema "lakini".

"Silivui," bibi harusi akasema. "Nakwenda nalo hivi hivi mpaka nyumbani."

Mimi nimehukumiwa kuosha rola na brashi zote, na kuomba radhi kwa maandishi. Haya ndiyo maandishi. Radhi sijaiona humo, nitaendelea kuitafuta. Ila jana asubuhi nilimkuta baba amesimama mbele ya kile kioo, akirekebisha kola ya shati lake jeupe taratibu kuliko inavyohitajika.

"Kuna foleni ya wateja nyuma yako," mama alimwambia kutoka kwenye cherehani, akaendelea kuimba, vibaya kama zamani.