Jina na Anwani

Mikutano yetu ina kanuni moja isiyo na mjadala: ukisimama mbele ya kipaza sauti, unataja jina na anwani yako, hata kama karani ni mkeo. Tangu niwe mwenyekiti wa halmashauri ya mji nimeishika kanuni hiyo kwa ukali, na watu wananicheka kwa hilo.

Jioni ile ukumbi wa zimamoto ulijaa mpaka magari ya kuzimia moto yakatolewa nje kwenye theluji. Tulikuwa tunaamua kama mji utapiga marufuku uchimbaji wa gesi, ule wa kusukuma maji na kemikali ardhini mpaka mwamba upasuke. Wajumbe wawili walitaka marufuku, wawili hawakutaka. Kura ya tano ilikuwa yangu. Na mdogo wangu Lyle alikuwa ameshasaini mkataba ili kampuni ichimbe kwenye shamba ambalo baba alimwachia.

Asubuhi alikuwa amekuja jikoni kwangu na chupa ya sharubati ya mepo, ile inayochemshwa kutokana na utomvu wa miti yake.

"Unanihonga?" nilimuuliza.

"Ningekuhonga ningeleta kitu cha maana. Dada, sikuombi uniunge mkono. Jitoe tu. Sema mimi ni ndugu yako, ukae pembeni. Kura zikilingana, marufuku imekufa."

"Na visima vya watu wa bondeni?"

"Na ng'ombe wangu je? Kwa bei hii ya maziwa hata paka hashibi. Gesi isipokuja, nauza shamba. Sikutishi, nakwambia."

Nilijua hatanii. Mwanasheria wa mji naye alikuwa ameniambia kujitoa ni hiari yangu. Lakini ng'ambo ya mpaka wa jimbo nina rafiki ambaye tangu wachimbe gesi kule maji yake ya kunywa huletwa na lori, na kila nikifungua bomba langu namkumbuka.

Zamu ya Lyle ilipofika, alisimama na kofia mkononi.

"Jina na anwani," nilisema. Ukumbi mzima ukacheka.

"We Ardith, si ndiye mdogo wako huyo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Au umemsahau?"

Lyle hakucheka. "Lyle Ostrander. Nyumba ya mwisho, Barabara ya Hemlock. Ile ulimozaliwa wewe, mwenyekiti." Akanitazama. "Baba alifia zizini akikamua. Na mimi nataka kufia palepale. Sina la zaidi."

Akarudi kukaa. Nilitamani anitukane, ingekuwa rahisi zaidi.

Noreen, karani wetu, akaanza kuita majina. Ndiyo. Hapana. Hapana. Ndiyo.

"Mwenyekiti?"

Nilitaka kujitoa, Mungu anajua nilivyotaka. Nani angenilaumu? Lakini kujitoa kungekuwa kumpigia Lyle kura huku nimejificha chini ya meza, na watu wa bondeni wangeamka kesho wakinywa woga wangu.

"Ndiyo," nilisema. "Marufuku imepita."

Nusu ya ukumbi ilishangilia, nusu ikazomea. Mama mmoja ninayeimba naye kwaya aliniita msaliti. Niligonga nyundo mpaka mkono ukauma, na kelele zilipotulia nikamwona Lyle amesimama tena mbele ya kipaza sauti.

"Muda wa maoni umekwisha," mwanasheria alinong'ona.

"Mwache aseme."

Lyle akasogea karibu. "Lyle Ostrander," alisema, akaishia hapo.

Na mimi, kwa mazoea tu, kabla sijajizuia, nikasema, "Anwani?"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Muulize atakayenunua," alisema. Akavaa kofia yake, akatoka.

Noreen alikuwa ameshika kalamu, hajui aandike nini. Aliniuliza anwani polepole, kwa huruma. Nikamtajia mwenyewe: nyumba ya mwisho, Barabara ya Hemlock.