Mgonjwa Asiyelalamika

Bibi yangu Leonia ndiye aliyenichagulia kusoma uuguzi kwa simu. Chuo kilitupa njia mbili sisi tuliokuwa na shahada nyingine tayari: kuhudhuria darasani Dodoma, au kubaki nyumbani, kusoma mtandaoni na kufanya vitendo mbele ya kamera. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa majaribio. Ukiisha unachagua njia moja, na hakuna kubadili.

"Dodoma kuna nini, Frida?" alisema Bibi. "Wagonjwa hata hapa Bangwe wapo. Mimi mwenyewe mgonjwa tosha."

Uongo mtupu. Bibi ana afya ya kutisha. Gunia la dagaa analitwika kichwani kabla mimi sijajifunga kitenge. Lakini tangu Mama afariki tumebaki wawili, na kumwacha peke yake niliogopa. Sikubishana.

Basi akawa mgonjwa wangu. Nilimwogesha kitandani, nikamgeuza, nikampima presha. Kila nikimuuliza kama anaumia, jibu ni lile lile: "Hata kidogo, mwana wanje, mwanangu mimi. Mikono yako pamba tupu." Mwalimu Elinipa alinitazama kutoka Dodoma akanimwagia maksi. Nikavimba kichwa, sifichi.

Wiki ya mwisho ya majaribio tulifunga bandeji ya kifundo cha mguu kilichoteguka. Bibi alivaa kitenge cha kanisani na hereni, kwa kuwa ataonekana Dodoma. Nikafunga, yeye akitabasamu kwenye simu.

"Mgonjwa anajisikiaje?" akauliza mwalimu.

"Raha mustarehe!"

Maksi zikamiminika. Mara wingu likatanda ziwani kutoka upande wa Kongo, nikakimbilia nje kuanua dagaa. Niliporudi nilimkuta Bibi sakafuni, anahangaika na bandeji kwa kisu cha kuparia samaki. Vidole vya mguu vilikuwa vimevimba, vyeusi, vya baridi.

Nikamnyang'anya kisu, nikaikata bandeji.

"Bibi! Mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya mwalimu wako? Nikuaibishe?"

Nilifoka. Nilifoka kwa hofu, maana ningeweza kumharibia mtu mguu huku nasifiwa. "Na yale maji niliyokuogeshea juzi? Yalikuunguza?"

Akatazama ukutani. "Kidogo."

Nikaketi sakafuni nikimsugua vidole mpaka damu ikarudi.

"Mimi sikufai," akasema hatimaye. "Nakupenda mno. Nenda ukafundishwe na watu wasiokujua."

"Na wewe nani atakutazama?"

"Kwani nimeugua?"

Nikachagua Dodoma. Nililia tangu stesheni ya Kigoma mpaka Uvinza, abiria wenzangu wakadhani nina msiba.

Siku yangu ya kwanza wodini, mama mmoja mzee niliyekuwa namfunga bandeji alinipiga kibao mkononi. "We binti! Unanifinya!" Nikalegeza. Akaguna, nikalegeza tena, nikamtazama usoni, mpaka akashusha pumzi na kufumba macho. Hapo ndipo nilipojua mkono wangu una uzito gani.

Jioni nikampigia Bibi kumsimulia.

"Kakupiga?"

"Kakibao tu, Bibi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Huyo mtunze sana," akasema. Kisha akaaga ghafla, eti ana sufuria jikoni, ili nisimsikie akilia. Nilimsikia, nikamwacha akate simu.