Salamu ya Saa Kumi na Mbili

Saa kumi na mbili jioni ilipokaribia, Mzee Kashaija alivaa koti. Halikuwa la baridi, ingawa jioni za Kaisho, karibu na mpaka wa Rwanda, zina baridi yake. Lilikuwa koti la kijivu, la kanisani na misibani, na kwa miaka mitatu sasa lilikuwa pia koti la runinga. Alivuta kiti mbele, akafuta viganja kwenye suruali, akatia mdomoni punje mbili za kahawa ya kutafuna, kisha akabonyeza rimoti kwa adabu ya mtu anayebisha hodi kwa wakwe.

Kioo kikawaka. Mahali pa binti yake pakaja maandishi meupe: chaneli hii haipatikani katika king'amuzi chako.

"Mama Placida!" akaita. "Runinga imeingia wazimu!"

Kokushubira akatoka jikoni na kisu cha kumenyea ndizi, mikono imelowa utomvu. Akasoma polepole, midomo ikicheza.

"Haina wazimu. Inasema haipo."

"Haipo imekwenda wapi?"

Mkewe alimtazama mumewe aliyekaa wima ndani ya koti mbele ya kioo kitupu, akarudi jikoni kumenya ndizi ambazo tayari zilikuwa zimetosha.

Lazima ieleweke koti lile lilikuwa la nini. Placida, binti yao, alikuwa mtangazaji wa kipindi cha wakulima katika televisheni moja ya huko Dodoma. Wenzake huanza vipindi kwa kuwachekea watazamaji na kuwauliza mambo vipi. Yeye, nyuma ya meza, aliinamisha kichwa kidogo na kusema, "Wazee wangu mlio mbele ya runinga, shikamooni." Hapo Kashaija alinyoosha mgongo na kuitikia kwa sauti ya kusikika mpaka zizini: "Marahaba, mwanangu. Umeshindaje?" Naye Placida, kana kwamba amesikia, alitabasamu na kuingia kwenye bei ya maharage. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akavua koti, akala. Usiku huo alilala.

Nje ya kioo kile, baba na binti hawakuwa wamesemeshana tangu binti huyo alipoondoka nyumbani. Alimfuata Adelard, mtoto wa Theoneste, na huyo Theoneste ndiye aliyechuma kahawa ya Kashaija msimu hata msimu tangu alipovuka mpaka kutoka Rwanda akiwa kijana. Ujumbe wa posa ulipoletwa, mzee alisema maneno yaliyozunguka kata nzima kabla jua halijazama: kwamba mtu anayembebea mikungu hawezi kunywa naye rubisi ya uchumba. Baada ya hapo alikuwa na lalamiko moja tu, na alilirudia msibani na kilabuni. Binti yake aliondoka bila kumwamkia.

Kwetu mtoto ndiye huanza kuamkia. Mzazi anaweza kumkumbuka mwanawe hadi akakonda, na simu ikawa mfukoni, lakini hatakuwa wa kwanza kufungua kinywa. Kwa hiyo runinga ilikuwa imemwokoa Kashaija. Mtoto alianza, baba akaitikia, hakuna aliyevunjiwa heshima. Moyoni mwake lile jambo lilikwisha zamani.

Asubuhi alimwita Projest, fundi wa madishi pale senta. Projest aligusa nyaya, akazima, akawasha, akasogea mbali kidogo na mzee kabla ya kusema.

"Haijaharibika, mzee. Mamlaka ya mawasiliano imeziondoa hizo chaneli. Hili dishi lako ni la kulipia, na leseni yake hairuhusu kubeba chaneli za nyumbani. Zile mwananchi anatakiwa azione bure."

"Kwa hiyo wamezifanya za bure?"

"Ndiyo, mzee."

"Na kwa sababu ni za bure, mimi sizioni."

Projest akakuna kisogo. "Ndivyo ilivyo. Ukizitaka, ununue king'amuzi cha antena."

Kilinunuliwa. Antena ikafungwa juu ya mti mrefu wa mkaratusi katikati ya kibanja, yaani shamba la nyumbani, na migomba mitatu iliyoonekana kuwa na kiburi ikakatwa. Kioo kikaleta chengachenga na mvumo kama wa mvua kwenye bati. Projest akageuza antena kila upande, mzee akiwa chini anapiga kelele za "Hapo! Acha hapo!" wakati hapo hapakuwa na kitu.

"Mawimbi ya antena hayajui kupinda, mzee. Yakikuta mlima yanaishia hukohuko. Nyumba yako iko bondeni."

"Basi yanafika wapi?"

Fundi akajifanya anakunja waya. "Pale mgongoni mwa mlima tu. Kwa Theoneste. Kijana wake alimtumia king'amuzi, nikamfungia mimi mwenyewe. Pale yanaingia kama maji."

Kashaija akatazama juu. Mgongo ule wa mawe ulikuwa wake. Alimpa Theoneste ajenge huko kwa sababu hata muhogo ulikataa kuota, akajisifu kwa ukarimu. Bonde lenye rutuba, lenye migomba na buni, akabaki nalo mwenyewe.

Zikafuata wiki nyingi mbaya. Dishi lile lile liliweza kumwonyesha kama mvua itanyesha Kigali, na nani kamwangusha nani mieleka huko Marekani, na mpira wa timu ambazo hata mji zinakotoka asingeweza kuutamka. "Linamwona Mzungu bafuni kwake," alifoka, "mwanangu wa hapo Dodoma haliwezi!" Akapanda juu ya bati kuligeuza, akazipoteza hata hizo za Kigali. Saa kumi na mbili alivaa koti kwa mazoea, na kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa nalo, alizunguka uani. Ng'ombe walimhesabu kuwa mgeni. Alianika kahawa iliyokwisha kuanuliwa. Alimgombeza mkewe kwa chumvi, kisha kwa kukosa chumvi, na chakula kilikuwa kile kile.

Kibaya zaidi zilikuwa safari za Kokushubira kibanjani. Mama huyo alikuwa na tabia ya kwenda kukata majani ya migomba jioni, asirudi na jani. Kashaija alijua fika kwamba huko aliongea na Placida kwenye simu. Siku zote, akipita karibu, alikohoa kwa mbali ili mkewe apate nafasi ya kuficha. Ilikuwa heshima kati yao. Siku hizi alijikuta anapita bila kukohoa, anasimama nyuma ya mgomba, anangoja neno moja lipeperuke. Alisikia mkewe akicheka, halafu akasikia kama analia. Hakuweza kuuliza.

Jioni moja uvumilivu ukamwisha. "Yule mtoto aliondoka bila kuniamkia," alisema, bila kuulizwa, akizunguka kigoda alichokalia mkewe. "Mungu akamrudisha aniamkie kila siku mbele ya nchi nzima. Nami nikaitika. Tulikuwa tumekwisha patana! Sasa watu wa leseni wamekuja kutugombanisha upya."

Kokushubira akaweka kisu chini.

"Baba Placida, keti."

"Siketi."

"Basi sikia umesimama. Alikuamkia."

"Nani?"

"Asubuhi ile alipoondoka. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mfuko wake. Alipiga magoti pale mlangoni, akasema shikamoo, tata, kama alivyozoea kukuita. Akasema tena. Wewe ulikuwa unasoma kalenda ukutani."

Kuku wawili walipita kati yao wakigombania ganda.

"Na hayo marahaba yako ya kwenye kioo," mkewe akaendelea, sauti sasa imelegea, "mimi ndiye niliyekuwa nayasikia. Mimi na ng'ombe. Yeye hajasikia hata moja. Kwake, bado amepiga magoti pale mlangoni."

Akaokota kisu, akaendelea kumenya. Kashaija alitoka nje. Alitaka kukasirika na hasira haikuja. Uongo aliourudia kwa miaka mitatu ulikuwa umeota mizizi mpaka mwenyewe akauona ule mlango ukiwa mtupu. Sasa alikumbuka kalenda. Ilikuwa ya chama cha ushirika, yenye picha ya tawi la buni, na alikuwa ameikodolea macho kwa nguvu zote za shingo yake ili asigeuke. Aliona haya, haya ya kuchoma masikio, kama aliyekutwa akiiba.

Siku ya pili alikata mkungu wa ndizi, mkubwa kuliko yote, na alipoufikisha uani akasimama akitafuta mtu wa kuubeba. Mtu wa kuubeba siku zote alikuwa Theoneste. Akavaa koti, akautweka begani mwenyewe.

Njia ya mgongoni si ndefu, ila haina huruma. Mawe yaliteleza chini ya viatu vyake vya kanisani. Utomvu ulimchuruzika begani, na kila mtu kwetu anajua kwamba utomvu wa ndizi hautoki kwenye nguo hadi nguo yenyewe itakapotoka. Alipumzika mara nyingi. Kila alipogeuka aliona bonde lake linazidi kuzama chini, kijani na kiziwi, na dishi juu ya bati limeangalia mbinguni.

Theoneste alikuwa anachonga mpini wa jembe. Alimwona tajiri wake akitokeza na mkungu begani, akadhani kuna msiba.

"Mzee! Shikamoo. Kuna nini? Lete, nipe huo mzigo!"

"Marahaba." Mzee aling'ang'ania mkungu mpaka mlangoni, akautua miguuni pa Mukamusoni, mke wa Theoneste. "Nimekuja kutazama runinga."

Mume na mke wakatazamana. Mukamusoni akafuta kiti kwa kanga yake, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, akakaa mkekani. Kashaija aliona kwamba kiti kile ndicho pekee chenye mgongo.

Runinga yao ilikuwa ndogo, lakini picha ilikuwa safi hata kutia wivu. Mlio wa kipindi ukaanza. Mzee akanyoosha mgongo. Leo ataitikia mbele ya watu hawa, wasikie. Huo ndio mpango aliopanda nao mlima.

Akatokea kijana mwenye tai. "Mambo vipi, watazamaji!"

Kashaija akangoja. Kijana akaanza bei ya maharage.

"Placida yuko wapi?"

Theoneste akainama juu ya mpini wake. Mukamusoni ndiye aliyesema, taratibu, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Rwanda, ng'ambo ya mto: "Amepumzika, mzee wangu. Amejifungua. Mtoto wa kike."

"Lini?"

"Mwezi umeandama tangu hapo. Mama Placida hakukuambia?"

"Hapana."

"Placida alimkataza. Alisema, usimwambie mpaka aulize mwenyewe."

Mzee alitazama punje za kahawa kwenye kisahani. Kwa hiyo kile kicheko cha kibanjani kilikuwa hicho, na kile kilio. Mtoto amezaliwa kwake, na migomba imejua kabla yake. Akafungua kifungo cha koti, akafungua na cha pili.

"Sasa nimeuliza," akasema.

Mukamusoni akanyoosha mkono kutafuta simu yake mkekani. "Nikupigie?"

"Ninayo."

Aliitoa mfukoni mwa koti. Namba ilikuwemo. Kokushubira aliiweka zamani, naye akajifanya hajaiona, kila alipomtafuta Projest au katibu wa kanisa akiruka juu yake kama mtu anayeruka tope. Kidole kikabonyeza. Huko mgongoni mtandao haukuwa na shida yoyote.

Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

Hapakuja halo. Yule aliyeiamkia nchi nzima alikuwa kimya, na ukimya wake ulikuwa na pumzi ndani yake, na nyuma ya pumzi mlio mdogo wa kitoto kinachotafuta ziwa. Kashaija alielewa. Amekwisha anza, mara mbili, kwa magoti. Hataanza tena, na wala hapaswi.

Mbele yake kijana mwenye tai alikuwa anawapungia watazamaji. Theoneste alinyoosha mkono kimyakimya, akapunguza sauti mpaka mwisho.

"Marahaba," mzee akasema.

Pumzi ya upande wa pili ikakatika.

"Marahaba, mwanangu," akarudia, akiwa amesimama sasa, hajui amesimama saa ngapi, uso ameugeuzia mlangoni. "Ya asubuhi ile."